Mustang Haikufika Mbozi, 109 Ilifika: Stori ya Chuma Kilichouzwa Igamba

Wadau, kwa wiki kadhaa huku Igamba mada ya vijiweni haikuwa Simba na Yanga. Mada ilikuwa mzee mmoja ambaye jina lake silitaji, maana mwenyewe hataki umaarufu wa uzeeni, kaamua kuuza Land Rover yake 109. Ile ya kijani iliyopauka, yenye mlango wa dereva ambao ukiuangalia kwa pembeni jua likipiga unaona kivuli cha maandishi yaliyofutwa. Ukimuuliza mtu yeyote wa hapa aliyezidi miaka thelathini, ana stori na ile gari. Kuna ambao wamezaliwa humo ndani, na sitanii.

Dalali wa kwanza alikuja kutoka Tunduma. Akaizunguka mara moja, akapiga teke tairi kama wanavyofanya madalali wote duniani, akataja hela ambayo haifikii bodaboda mbili. Alikuwa anaihesabu kwa kilo. Siku nne baadaye ikapigwa simu kutoka Arusha. Mjukuu alikuwa ametupia picha mbili kwenye grupu la WhatsApp la wapenda Land Rover, na mtu wa Arusha akasema asiguse mtu, nakuja. Bei aliyotaja ilimfanya mzee aombe simu airudie mwenyewe, akidhani mjukuu kasikia vibaya.

Gari moja, wiki moja, bei mbili ambazo hazijuani kabisa. Hapo ndo kichwa changu kikaanza kuuma, nikataka kujua chuma cha zamani kinapataje bei. Ili tuelewane inabidi tuzunguke Marekani kwanza, halafu tutarudi Mbozi kwa njia ya vumbi.

Ukisema V8 hapa bongo mtu anaona Land Cruiser nyeupe ya bosi, vioo vyeusi, dereva kavaa tai. Kwa Wamarekani wa miaka ya 60, V8 ilikuwa injini ya vijana. Mwaka 1964 Pontiac walichukua gari la saizi ya kati, wakalitia injini kubwa ya V8, wakaliita GTO. Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, Ford wakazindua Mustang, bei ya kuanzia dola 2,368. Vijana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili ndo walikuwa wanaanza kushika hela zao, mafuta bei chee, lami imenyooka hadi upeo wa macho. Yakazaliwa yale magari ya misuli, familia moja na ile Dodge Charger nyeusi ya 1970 uliyoiona kwenye Fast and Furious. Halafu Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta. Bima zilikuwa zimeshapanda, sheria za moshi zimeshabana. Sherehe ikaisha ndani ya miaka kumi tu, watu wakaanza kuyauza yale magari kama mikweche.

Sasa sikia hii. Mwaka 1968 ilitoka filamu inaitwa Bullitt, mwigizaji Steve McQueen anakimbizana na wabaya San Francisco ndani ya Mustang ya kijani. Baada ya filamu gari likauzwa kama gari lolote. Mwaka 1974 familia moja ya kawaida ikalinunua kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jarida. Mama wa familia, mwalimu wa shule, akawa analiendea kazini. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe akawaandikia barua kuomba alinunue tena. Wakakaa kimya! Baadaye klachi ikaisha, gari likaingia gereji, likakaa huko miaka na miaka, likihama na familia kila walipohama. Baba akafariki 2014. Mtoto akatengeneza injini ila rangi na mikwaruzo hakugusa. Tarehe 10 Januari 2020 likapigwa mnada Florida, likaenda kwa dola milioni 3.74.

Ona walichouza pale. Mustang za 1968 ziko nyingi, na nyingine zinang'aa kuliko ile. Walichouza ni kwamba gari lilikuwa lilelile, halijachubuliwa, na karatasi zipo, ikiwemo barua ya McQueen. Kumbuka hilo, litarudi tukifika kwenye boneti ya mzee wetu.

Kwa nini Mustang haikufika Mbozi? Sababu ya kwanza mtoto wa darasa la nne anaijua: usukani wao uko kushoto, wetu kulia. Ya pili ni mafuta. Ya tatu ni njia. Na hili la njia Wamarekani walilijua kwa kulipima wenyewe. Yapo mashindano yaliyoanza 1953, yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya Malkia Elizabeth kutawazwa, yakikimbia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo haya yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Mwaka 1964 Ford wa Marekani wakaleta timu nzima ya Mercury Comet, ndinga zenye V8, na mafundi kutoka kwao. Walifikiri nguvu inatosha. Comet mbili tu ndo zilizofika mwisho, na zote zilikuwa nyuma huko. Aliyeshinda alikuwa na Ford Cortina GT, kigari cha Kiingereza ambacho leo ungekidharau ukikiona kituo cha mafuta. Mwaka uliofuata akashinda Joginder Singh wa Kenya na Volvo ya mtumba, iliyokuwa imeshachakazwa kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Halafu 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, na Peugeot 404. Afrika Mashariki misuli ilikuwa mizuri ila springi ndo zilikuwa zinaamua mechi.

Hapa ndo inaingia Land Rover, na hapa ndo kuna kitu ambacho wengi hamkijui. Land Rover ni mtoto wa Mmarekani. Baada ya vita, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover Uingereza alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, na shambani alikuwa anatumia Jeep chakavu la jeshi la Marekani. Akawaza, hili likifa nanunua nini? Gari lao la kwanza la majaribio walilijenga juu ya chesisi ya Jeep. Wakalizindua rasmi kwenye maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma cha pua kilikuwa kinagawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu. Rangi za mwanzo zilikuwa kijani kwa sababu kulikuwa na rangi ya ndege za kivita imebaki stoo. Yaani kila kitu tunachokiona leo ni swaga, wenzetu walikifanya kwa sababu ya njaa.

Namba 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kama mita mbili na sentimita sabini na saba. Injini ya petroli ya lita 2.25 ina nguvu za farasi sabini na ushee, wakati ile Mustang ya Bullitt ilikuwa na zaidi ya 300. Ukiziweka lami, Mustang inakuwa imefika Mbeya, imekula wali kuku na imelala, 109 ndo inahangaika kupanda kilima cha kwanza. Ukiziweka barabara ya Mlowo kwenda Kamsamba mwezi wa pili, masika yamekolea, udongo umegeuka sabuni, basi Mustang utaenda kuivuta na hiyo hiyo 109.

Na lami yenyewe ilifikaje huku? Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ikajikuta mafuta yake na shaba yake vinapita kwa adui. Njia iliyobaki ni ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma. Ilikuwa ya vumbi na matope. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi, yakidondokea makorongoni kiasi kwamba madereva wakaiita njia ya jehanamu. Wazee wa Mlowo na Vwawa waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka malori yanapita mfululizo usiku, taa kama nyoka.

Ndo dunia ikagombania kusaidia. Wachina wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, kazi ikaanza 1970 na kukabidhiwa 1976. Wamarekani wakasaidia kugharamia barabara ya lami, ile TANZAM, mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70. Kwa hiyo tulikuwa na maajabu haya: lami yenye hela ya Mmarekani inapita Mlowo, umbali mdogo tu kutoka Igamba, kipindi kilekile ambacho kwao magari ya misuli yako kileleni. Na juu ya ile lami hakukuwa na Mustang. Zilipita Fiat za mizigo, Bedford, Peugeot za wakubwa, na Land Rover.

Land Rover enzi hizo ulikuwa hununui tu hata kama una hela. Ilikuwa gari la serikali, polisi, misheni, mashirika. Ukiona vumbi linapanda juu ya mashamba ya kahawa, unajua kuna mtu mkubwa anakuja: bwana shamba, mkuu wa wilaya, au watu wa kodi. Watoto walikimbia kuifuata na watu wazima wengine walikimbia upande wa pili.

Hii ya mzee wetu ni Series III, toleo lililoanza 1971. Kwa maelezo yake, ilikuja Mbozi mpya kabisa kwa ajili ya ushirika wa wakulima wa kahawa. Yale maandishi yaliyofutwa mlangoni ni ya ushirika. Kama ulisinzia kwenye kipindi cha historia, Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao. Mali zikahama mikono: maghala, mizani, magari. Mlango ukapakwa rangi, ushirika ukawa kivuli. Serikali ilikuja kurudisha ushirika kwa sheria ya 1982, lakini gari hilo lilikuwa limeshakula msoto wa kutosha. Katikati ya miaka ya 80 likapelekwa mnadani likiwa halitembei.

Mzee alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa kahawa. Hela alitoa wapi? Jibu lake lilinifurahisha: "Brazil." Julai 1975 kule Brazil ilipiga baridi kali usiku, barafu ikaunguza mikahawa kwa mamilioni, na ilipofika 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kuliko watu walivyowahi kuona. Sehemu kubwa ya neema haikumfikia mkulima, iliishia njiani, ila baba yake alipata ya kutosha kununua ng'ombe. Ng'ombe wakazaa. Mwaka 1986 akauza saba, akachanga na kaka zake wawili, wakanunua gari lililokufa. Mkewe hakumsemesha wiki mbili. Anasema ndiyo wiki mbili pekee za ukimya kwenye ndoa ya miaka hamsini.

Kulifufua ilikuwa shughuli. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima, fedha za kigeni hakuna. Kuna kipindi Jumapili mchana ulikuwa huruhusiwi kuendesha gari bila kibali, serikali inabana mafuta. Na 1983 kulikuwa na ile msako ya wahujumu uchumi, hata mtu mwenye katoni za sabuni alikuwa halali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, kwa hiyo kupata spea za Nairobi ilikuwa ndoto. Huku kwetu wokovu ulikuwa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Mzee alivuka kwa miguu na rejeta begani. Gasketi alikata mwenyewe kwa mkasi kutoka kwenye boksi. Kablueta aliioshea kwenye sufuria ya mkewe, jambo ambalo, anasema, halikusaidia ule ukimya.

Ilipowaka ikawa gari la wote. Sizidishi. Kahawa kutoka shambani, mpunga kutoka Kamsamba, wanafunzi wanaoripoti sekondari na masanduku yao ya chuma. Timu ya kijiji ikienda kucheza Itaka, watu kumi na saba nyuma na kipa juu ya tairi la spea. Bibi harusi mbele, akija upande wa mume. Na wajawazito usiku kwenda hospitali Vwawa, ambao wengine hawakufika, ndo nilichosema mwanzo kwamba kuna waliozaliwa humo ndani. Wanne, kwa hesabu ya mzee. Mmoja ni fundi simu hapa Mlowo na kwenye simu ya mzee amejisevu kwa jina la Land Rover.

Ilibeba misiba pia. Jeneza lilikuwa linaingia sawasawa nyuma, miguu inatokeza kidogo, turubai linafungwa kwa kamba nyekundu ileile. Mzee hakuwahi kutoza hela ya msiba. Ya mafuta tu, na kama familia haina, hata hiyo hapana.

Halafu zikaja Toyota. Biashara ilipofunguliwa miaka ya Mzee Ruksa, mitumba ya Japani ikaanza kumiminika, na miaka ya 90 na 2000 ndo kabisa: Mark II, Chaser, Hiace, Noah, mpaka leo IST. Spea kila kona, mafuta kidogo, redio inaongea Kijapani lakini inaongea. Nani atapanda gari ambalo mvua ikinyesha nje inanyesha na ndani? Ikageuka mkweche. Vijana wa rika letu tulikuwa tunaicheka, tunaiita mashine ya kukoboa.

Kipindi hicho ndo Land Rover nyingi za Tanzania zilikufa, na namna zilivyokufa inauma. Nyingi ziling'olewa injini zikawekwa za Isuzu na Toyota, hizo angalau zinatembea. Nyingine zilikatwa vipande. Bodi ni aluminiamu, mnakumbuka? Aluminiamu inayeyuka kirahisi, na mafundi wetu wanajua kuigeuza sufuria. Inawezekana kabisa leo mchana umekula ugali uliopikiwa kwenye mlango wa mkuu wa wilaya wa 1972.

Mzee alitoa neno moja tu kwa watu wa vyuma chakavu: hapana. Walikuja mara nyingi hadi mbwa akaacha kuwabwekea. Namba za TZ zilipobadilishwa kuwa hizi za T mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaenda akabadilisha. Kila mwaka akalipia ada ya leseni ya gari, hata miaka ambayo lilitembea mara tatu tu, mpaka ada hiyo ilipofutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Risiti zote ziko kwenye bati la biskuti. Kadi ipo, karatasi ya mnada ipo, hata stakabadhi ya wale ng'ombe saba ipo. Kuna watu wana magari ya mwaka juzi hawana nusu ya hizo karatasi.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inageuka bila sisi kujua. Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull Uingereza kilitoa Defender ya mwisho ya ukoo ule wa 1948. Kitu kikisimama kutengenezwa, kilichobaki kinaanza kuhesabiwa. Matajiri wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzitafuta na kuzikarabati kwa hela ambazo ukizitaja Igamba watu wanakuombea. Na Oktoba 2024 Arusha likafanyika tamasha la Land Rover, msafara wa magari zaidi ya elfu moja, lengo ni kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa Ujerumani. Video zikazagaa kila mahali. Mjukuu wa mzee akaiona moja kwenye TikTok, akatoka nje, akaiangalia ile iliyokuwa inalaliwa na kuku, akarudi ndani akamwambia, "Babu, hivi unajua tuna nini pale?"

Sasa kwa nini anauza? Hapa ndo watu wamegawanyika, na nitasema upande wangu.

Mzee haoni vizuri tena. Jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili linasubiri. Mara ya mwisho aliendesha hadi mnadani akarudi na kuku wa mtu kwenye bampa. Watoto wako Tunduma, Mbeya na Dar, kila mmoja na gari lake la Kijapani, na hakuna anayetaka kurithi klachi ngumu. Wawili walitaka liuzwe hela igawanywe. Binti mkubwa alitaka lisiuzwe kabisa, libaki pale chini ya mwembe kama kaburi la mama yao, maana mama yao ndiye aliyekuwa anapanda mbele. Kwenye kijiwe nako kulikuwa na kambi: wanaosema chuma kile ni cha Igamba kisitoke, na wanaosema mzee ale hela yake akiwa na meno.

Kisitoke kiende wapi? Mbozi tunacho chuma kingine kimoja ambacho hakiuzwi, kile kimondo cha Ndolezi, tani kadhaa za chuma kutoka mbinguni, na kimewekewa ukuta na mlinzi na wageni wanalipia. Kingekuwa chuma cha mtu mmoja masikini kingeuzwa zamani. Wanaosema 109 ibaki hakuna hata mmoja aliyejitolea kununua tairi. Kwa miaka zaidi ya thelathini mzee amekuwa makumbusho, gari la wagonjwa na gari la maiti kwa gharama zake. Kuuza ni haki yake. Kwa hiyo mimi nipo timu auze.

Ila timu auze kwa akili. Mmoja wa watoto, kwa nia nzuri, alishaleta fundi rangi. Alitaka ipigwe kijani kipya, mlango ule uliochoka ufunikwe, ing'ae mnunuzi akifika. Mjukuu ndo aliyezuia, na ndo stori ya Mustang ilipookoa jahazi, kwa sababu nilishamsimulia. Ukiifunika ile rangi unauza gari la zamani lililopakwa rangi. Ukiiacha unauza ushirika wa 1976, mnada, Nakonde, watoto wanne na kamba nyekundu, na mlango wa kuthibitisha. Fundi akalipwa nauli akarudi.

Mnunuzi wa Arusha alifika Jumanne, jamaa wa makamo, mpole, kavaa ovaroli tayari. Hakupiga teke tairi. Alimwamkia mzee shikamoo, akaomba ruhusa, akalala chini ya gari na nyundo ndogo. Akawa anagonga chesisi kipande kwa kipande, anasikiliza. Bodi ya aluminiamu haioti kutu lakini chesisi ni chuma, na ndo inayoua Land Rover nyingi, hasa zilizokaa pwani kwenye chumvi. Huku kwetu hewa ni kavu na bahari iko mbali. Iligonga safi mpaka mwisho. Akalinganisha namba ya injini na kadi: ni ileile. Akanyanyuka, akajifuta mikono, akatazama lile bati la biskuti kama saa nzima. Kisha akaongeza bei mwenyewe kabla hajaombwa punguzo. Sijawahi kuona kitu hicho kwenye biashara ya magari nchi hii.

Bei ya mwisho siiandiki, mzee kaniomba. Niseme tu jicho la pili linafanyiwa upasuaji, paa la nyumba linabadilishwa, na wale wawili waliotaka mgao wamepata mgao mdogo kuliko walioutaka. Mkataba uliandikwa kwa wakili, Vwawa, mbele ya mashahidi, na umiliki ukahamishwa TRA hukohuko. Tafadhali nanyi mfanye hivyo, msiuziane gari kwa kupeana kadi mkononi. Mzee aliweka sharti moja tu kwenye mkataba: mlango wa dereva usipakwe rangi. Wakili alicheka. Mnunuzi hakucheka, akasaini.

Siku ya kuondoka lilikuja lori la kulibeba, mzee akakataa. Akasema gari lililokuja Mbozi kwa magurudumu yake litaondoka kwa magurudumu yake, angalau mpaka Mlowo kwenye lami. Betri ikagoma. Watu walikuwa wamejaa, wengine simu juu wanarekodi, mnunuzi akawa anatafuta waya za kuazima umeme. Mzee akaenda nyuma, akatoa chuma kirefu kilichopindwa mara mbili, akakichomeka mbele chini ya rejeta. Hendeli. Nusu ya vijana waliokuwepo hawakuwahi kuiona ikitumika. Akamwita mnunuzi, akamshika mkono, akamwonyesha dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, halizunguki, kwa sababu injini ikirudisha teke inavunja dole. "Mwanangu, hili usilisahau," akamwambia. "Mengine utajifunza njiani."

Jamaa akazungusha. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikashika, moshi mweupe, kuku wakatawanyika, na yule fundi simu wa Mlowo aliyezaliwa mle ndani akapanda nyuma bila kuulizwa, kuisindikiza.